Malalamiko kuhusu mashine ya boti iliyosafirishwa kichwa chini

Kilwa Masoko,
3 Machi 2025.

Meneja,
Kitengo cha Mizigo na Vifurushi,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA MASHINE YA BOTI ILIYOSAFIRISHWA NA LORI LENU KUTOKA KILWA MASOKO KWENDA DAR ES SALAAM

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mvuvi na mmiliki wa boti ya faiba hapa Kilwa Masoko. Tarehe 10 Februari nilikabidhi katika ofisi yenu ya hapa mashine ya boti, Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ili isafirishwe hadi Dar es Salaam na kupokewa na fundi kwa matengenezo ya gia. Ilipofika, gia zilikuwa vilevile zilivyoondoka huku, lakini kichwa cha mashine, yaani sehemu ya juu yenye silinda na pistoni, ambacho hakikuwa na tatizo lolote, kilikuwa kimegoma kuzunguka. Ofisi yenu ya Dar es Salaam imenijibu kwa simu kwamba mashine yenyewe ni kuukuu na kwamba mzigo husafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Sikubaliani na majibu hayo.

Mashine ya aina hii ina uzito wa zaidi ya kilo 70, na sehemu kubwa ya uzito huo iko juu, kwenye kichwa, kwa hiyo haiwezi kusimama yenyewe. Kwa sababu hiyo niliagiza kwa seremala stendi ya mbao, mashine ikabanwa juu yake kwa skrubu zake mbili kama inavyobanwa kwenye tezi ya boti, kisha ikakazwa kwa kamba. Kabla ya hapo ilisuuzwa kwa maji matamu, kabureta ikakamuliwa petroli yote, na mashine ikaachwa wima hadi ilipoacha kuchuruzika. Karani wenu aliyepokea mzigo aliandika kwa mkono wake mbele ya stakabadhi, “Isimame wima, isilazwe,” akatoza nauli ya mzigo pamoja na nyongeza, akieleza kuwa stendi inakula nafasi. Nakala ya stakabadhi nimeiambatanisha. Naomba jambo hili lizingatiwe kabla ya mengine yote, kwa kuwa sikuomba hisani ya utingo. Nafasi ya kusimamisha mashine niliilipia na kampuni ikapokea fedha hizo.

Fundi alipokwenda kuichukua kwenye bohari yenu, alikuta stendi imeegemezwa ukutani peke yake, nzima, na kamba zake zimefunguliwa mafundo, wala hazikukatika. Mashine ilikuwa juu ya magunia ya nazi, kifuniko cha kichwa kimezama katikati ya magunia na propela inatazama dari. Gunia lililokuwa chini yake lilikuwa na doa bichi la maji ya rangi ya kutu. Utingo alimweleza kwamba lori liliongeza shehena Nangurukuru, na stendi ikaonekana inabana. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam, kwenye barabara yenye matuta katika kila kijiji, mashine ilisafiri kichwa chini.

Huenda kwa mtu asiyeshughulika na mashine hizi kulazwa huko kukaonekana ni jambo dogo, nami sitaki ofisi yako ilichukulie hivyo. Maji ya kupoza mashine ya boti hutoka kwa kupitia mguu uleule unaopitisha moshi, na hata ikisuuzwa na kukaushwa namna gani, maji kidogo hubaki ndani ya njia hizo. Kichwa kikiwa chini kuliko propela, maji hayo hurudi kupitia milango ya moshi na kuingia kwenye silinda. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji vinaagiza kichwa kiwe juu ya propela wakati wote. Isitoshe, mashine inayotumia petroli iliyochanganywa na oili haina bakuli la oili chini kama injini ya gari; beringi za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hulainishwa na ule utando mwembamba tu unaoletwa na mchanganyiko wa mafuta, na maji yakishaingia na kutulia hapo, kutu haikawii.

Hata hivyo, madhara hayo yangeweza kuzuilika, na hapa nina lalamiko la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Mashine iliyoingia maji huokolewa ikiwahiwa: plagi hufunguliwa, maji humwagwa, oili humiminwa ndani ya silinda, na kamba ya kuwashia huvutwa mara kadhaa ili oili ienee kila mahali. Kazi hiyo haihitaji hata saa nzima. Namba za simu, yangu na ya fundi, zilikuwa kwenye stakabadhi, lakini hakuna aliyepigiwa. Mzigo ulikaa bohari siku kadhaa, na ni mimi niliyepiga simu kuulizia ndipo nikaambiwa kwamba ulifika zamani. Fundi alipofungua kichwa, alikuta ringi zimeshikana na pistoni, kuta za silinda zimechubuliwa na kutu, na beringi ya juu ya krenki haizunguki. Picha zake ziko pamoja na barua hii.

Kuhusu hoja ya ukuukuu, ni kweli mashine ina umri, rangi imebabuka na propela ina mapengo ya miamba. Hayo siwadai, wala siwadai gia, ambazo ndizo zilizoipeleka Dar es Salaam. Ninachodai ni kichwa kilichokuwa kikiwaka vizuri hadi wiki ile mashine ilipofungwa kwenye stendi, jambo ambalo karani wenu analifahamu, kwa sababu boti hiyo huegeshwa karibu na ofisi yake. Mfanyakazi wenu mmoja alithubutu kunitajia bei ya chuma chakavu. Maneno hayo sidhani kama ni msimamo wa kampuni.

Kuhusu “dhamana ya mwenyewe,” maneno yaliyochapwa nyuma ya kila stakabadhi hayawezi kufuta ahadi ambayo karani wenu ameiandika kwa mkono mbele ya stakabadhi hii moja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutunzia mali yake mwenyewe. Kufungua mafundo ya mzigo ulioandikwa usilazwe, na kisha kuulaza, si uangalifu wa namna hiyo.

Naomba kampuni ilipe gharama za kutengeneza kichwa cha mashine, yaani vipuri na ufundi, jumla Sh 1,140,000 kama zilivyo kwenye ankara ya fundi, na irudishe ile nyongeza ya nauli iliyotozwa kwa ajili ya nafasi ambayo haikutolewa. Hasara ya kukosa kwenda baharini katika kaskazi hii, msimu ambao ndio tunaoutegemea, sijaiingiza katika hesabu, ila nitaiingiza nikilazimika kufika mbali zaidi.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha lalamiko hili kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na Tume ya Ushindani. Kwa sasa mashine iko wazi mezani kwa fundi, na vipuri vilivyoharibika vimewekwa kando. Nimemwomba asifunge chochote hadi muda huo uishe, ili kampuni ikitaka kutuma mtu wake kukagua, aone kila kitu kama kilivyokutwa.

Wako,
Mteja na mmiliki wa mashine.

Viambatanisho: nakala ya stakabadhi, picha za fundi, ankara ya matengenezo.
Nakala: Msimamizi wa ofisi, Kilwa Masoko.