Akili yako ilikuwa wapi?

Majengo, Mombasa

Shogangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na nimecheka. Ati kumbukumbu yako imeoza! Wewe uliyehifadhi juzuu kwa juzuu madrasa, leo ushindwe na kurasa chache za mchezo wa kuigiza? Tatizo si kumbukumbu.

Nilikuwepo siku ile ukumbini Tononoka. Ulipofika pale mama anapoambiwa mashua imerudi bila mwanawe, mkono wako wa kulia ulianza kukunjakunja pindo la leso, taratibu, na ukumbi mzima ukanyamaza. Kisha ukainua macho ukatazama viti vya mbele, na mkono ukasimama pale pale. Mimi nilijua umepotea kabla hujakwama. Nilipokuuliza ulikuwa wafikiri nini, ukanijibu, "Sikuwa nafikiri chochote." Haiwezekani, mwenzangu. Mpaka tulipokaa na chai na mahamri ndipo ukasema: ulikuwa wajiambia sauti imepanda mno, na kwamba mjomba yuko pale mbele, sijui ataonaje.

Basi hapo ndipo pa kushika. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, John Flavell, aliandika mwaka 1979 kuhusu mtu kuyajua na kuyasimamia mawazo yake mwenyewe. Wasomi wanaiita metakognisheni. Yeye shughuli yake ilikuwa watoto na namna wanavyojifunza, lakini mimi naona jambo lenyewe latufaa sisi waigizaji zaidi ya wote, maana kazi yetu yote hupitia kichwani kabla ya kufika mdomoni.

Anza na namna unavyohifadhi. Wewe wakariri maneno yakifuatana, kama ulivyozoea. Kwa Qurani ndivyo inavyotakikana, herufi isiruke. Jukwaani likiponyoka neno moja, huna pa kulishikia, yabidi urudi mwanzo wa ukurasa. Helga Noice, mwanasaikolojia, na mumewe Tony, ambaye ni mwigizaji na mwongozaji, wamechunguza kwa miaka mingi namna waigizaji wazoefu wanavyohifadhi. Wakaona kwamba hawa hawaanzi kwa kukariri. Kwa kila sentensi wanauliza: mhusika huyu anataka nini kwa mwenzake sasa hivi? Amtulize? Amtishe? Amcheleweshe asiondoke? Wakishajua nia, maneno huja. Yule mama wako anapouliza "Nani alikuwa kwenye usukani?" hataki jina. Anatafuta wa kumlaumu. Ukilijua hilo, huwezi kuisahau sentensi ile hata usingizini.

La pili ni macho yako. Stanislavski, yule Mrusi aliyeanzisha jumba la michezo ya kuigiza la Moscow mwaka 1898 pamoja na mwenzake, aliwafundisha waigizaji wajichoree duara la umakini: kwanza dogo, meza na taa tu, halafu walipanue kidogo kidogo. Wewe duara lako ni leso. Akili ikikimbilia kwa mjomba, irudishe kwenye pindo lile, ulisikie kwenye vidole.

Ila sikiza, usije ukanielewa vibaya. Kujichunguza ni kwa mazoezi. Usiku wa onyesho ukianza kupima kila pumzi, utaharibu hata ulichokiweza. Wacheza gofu waliochunguzwa na wataalamu walipoteza shabaha hivyo hivyo, kwa kuufuatilia mkono wao hatua kwa hatua. Diderot, Mfaransa wa karne ya 18, alidai mwigizaji mkubwa hahisi kitu, kichwa baridi tu. Mimi nampinga, mtu hawezi kulia kama anahesabu mabati. Lakini kichwa hicho baridi ukipe nafasi yake: kiwe nawe kabla ya pazia na baada yake.

Kila mkimaliza mazoezi, kabla hujashika simu, andika pembeni mwa mswada ulichokuwa ukifikiri pale ulipoteleza. Si ulivyohisi, ulichofikiri. "Njaa." "Matatu za mwisho." "Huyu kanikatiza tena." Baada ya wiki chache utaona akili yako hutoroka mahali pale pale, na mara nyingi ni pale usipojua mhusika anataka nini.

Ukija Idi, njoo na mswada wenye maandishi hayo. Nami nitakuonyesha wangu, ila nilichoandika kuhusu mwongozaji wetu usimwambie mtu.

Wako,
Shogayo wa Majengo