Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo: fedha ya sampuli kifani (mashine ya majaribio ya wabunifu) itoke Novemba, si Mei

Profesa, shikamoo.

YAH: FEDHA ZA TIMU ZA WABUNIFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika hadharani kwa sababu barua zetu tatu zilizotangulia zilipokelewa masijala, zikagongwa muhuri, na zimebaki masijala hadi leo. Hatuna shaka zinatunzwa vizuri.

Wiki iliyopita, kwenye maonesho ya ubunifu ya chuo, kikaushio cha dagaa cha mojawapo ya timu zetu kilifuka moshi mbele ya mgeni rasmi. Siku mbili baadaye ulisema kikaoni kwamba wanafunzi hawajiandai, wanazoea kudai fedha tu. Kwa heshima zote, tunaomba tueleze kilichoungua, maana kinaelezeka.

Feni ya kikaushio kile ni ya volti 12 na inavuta ampea 10. Kasi yake inadhibitiwa na transista, yaani swichi ya kielektroniki, inayopokea amri kutoka kwenye ESP32, kompyuta ndogo ya kudhibiti mitambo, na ESP32 haitoi zaidi ya volti 3.3. Mchoro uliofika ofisini Januari uliomba IRLZ44N, aina inayofunguka vizuri kwa volti chache. Iliyoletwa Mei ni IRFZ44N. Tofauti ni herufi moja. Hii ya pili inataka volti kama 10 kwenye geti, mguu wake wa kupokelea amri, ndipo ifunguke kabisa, ukiipa 3.3 inafunguka nusunusu, kama bomba lililofunguliwa robo. Ikifunguka kabisa, kwa ampea 10 inapoteza chini ya wati 2. Ikibaki nusunusu na kudondosha volti moja na nusu tu, hizo ni wati 15 za joto kwenye kipande kinachotosha ncha ya kidole, tena bila bamba la kupozea. Hapo moshi si ajabu. Ajabu ingekuwa kukosekana kwake.

Dawa ipo: transista ndogo moja na rezista mbili za kupandisha amri hadi volti 12, kisha unageuza mstari mmoja wa programu. Ni kazi ya jioni moja. Lakini vifaa vilikabidhiwa Ijumaa saa tisa alasiri, karakana hufungwa saa kumi, haifunguliwi Jumamosi wala Jumapili, na maonesho yalikuwa Jumatatu asubuhi. Kutoisoma ile herufi ni kosa letu pia, hatulikatai. Ila kosa la aina hiyo linaonekana siku ya kwanza ya majaribio, kwa kuigusa transista tu ukaona inachoma. Siku hiyo ya kwanza ndiyo hatukuipata.

Sasa tuseme jinsi vifaa vinavyopatikana, nawe uturekebishe tukikosea. Orodha ya timu inakwenda kwa mhadhiri msimamizi, kisha kwa mkuu wa idara, kisha kitengo cha ununuzi, na kutoka hapo inaingizwa NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki. Anayepata kazi ni mzabuni aliyesajiliwa kwenye mfumo, na kwa kawaida huyo ni muuza karatasi, wino wa printa na sabuni za usafi. Hana duka la elektroniki. Anachukua orodha yetu, anakwenda Kariakoo kwenye duka lilelile ambalo sisi tunalifikia kwa daladala, ananunua kinachofanana na jina, anapandisha bei, analeta. Hatumlaumu sana. Naye anakatwa kodi ya zuio na kusubiri malipo miezi. Lakini kwake mota ni mota. Timu iliyoomba mota za hatua za NEMA 17, zinazozunguka nyuzi 1.8 kwa kila hatua, ililetewa mota za kawaida za volti 12, ambazo zinazunguka tu bila kujua zimefika wapi. Ukizirudisha, mzunguko wa karatasi unaanza upya.

Mfano mwingine, huu wa chuma. Mashine ya kupukuchua mahindi ilisanifiwa kwa shafti ya milimita 25 na beringi za UCP205. Zikaja UCP204, ambazo tundu lake ni milimita 20. Mahesabu ya bajeti yalionesha beringi nne zimepokelewa, kwa hiyo kwenye makaratasi kazi ilikamilika. Timu ikaipeleka shafti kwa fundi wa kereza, akaipunguza ncha zote mbili hadi milimita 20. Nguvu ya shafti kuhimili msokoto hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo: 20 gawanya kwa 25 ni 0.8, na kipeo cha tatu cha 0.8 ni 0.512. Yaani kwa tofauti ya milimita tano, karibu nusu ya nguvu imetupwa kama vumbi la chuma chini ya mashine ya kereza. Tena pale kereza ilipoacha kona kali ndipo ufa unapoanzia. Shafti ilipinda kwenye gunia la pili la mahindi. Jaji aliandika kwenye fomu: usanifu dhaifu.

Betri tunazitaja kwa ufupi. Seli za 18650, zile za duara za kuchajiwa, zilizoletwa zimeandikwa mAh 9900, yaani kiasi cha chaji zinachobeba. Seli bora za ukubwa huo kwa kawaida huishia karibu mAh 3500. Mtu wa fani angecheka dukani. Aliyetumwa alifurahi kupata kubwa kwa bei ndogo.

Utauliza, kwa nini basi msipewe masurufu mkanunue wenyewe? Tuliuliza hivyo hivyo. Masurufu hutoka kwa jina la mhadhiri msimamizi. Akiwa hajarejesha masurufu ya safari ya mwaka jana, timu nzima inasubiri stakabadhi za hoteli aliyolala. Na hata yakitoka, kila kitu kinadaiwa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Duka kubwa la Kariakoo linayo. Fundi anayechomelea kwenye kibanda Gerezani hana, na wafanyabiashara wadogo wa kiwango chake sheria yenyewe haiwalazimishi kuwa nayo. Kwa hiyo kazi ya ufundi, ambayo ndiyo roho ya sampuli kifani, haina namna ya kulipwa kihalali, na mwanafunzi anatoa kwenye fedha ya kujikimu. Mkaguzi anaridhika, mwanafunzi anakula mara moja kwa siku. Hati ya malipo iliyosainiwa na fundi, yenye namba yake ya simu na picha ya kazi, ingetosha, kama ofisi yako ingeandika dokezo moja la kuitambua.

Lakini yote hayo, Profesa, ni matawi. Shina ni kalenda.

Mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Mawazo yanapitishwa Desemba, michoro inawasilishwa Januari, fedha inatoka Aprili au Mei, na ifikapo 30 Juni bakaa inarudi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapewa wiki sita, na nne kati ya hizo ni za mitihani. Kwa nini inachelewa, hatujui kwa hakika. Huenda fungu linasubiri mapato ya ada ya muhula wa pili. Huenda dokezo linakaa mezani kwa mtu asiyeona haraka yake. Huenda, na hili tunalisema kwa unyenyekevu, ofisi inaamini kwamba sampuli kifani hujengwa mara moja, kama meza.

Haijengwi mara moja. Bodi ya saketi ya kwanza huwa na kosa, hata kwa wahandisi wazoefu: tundu jembamba kuliko mguu wa kifaa, kiunganishi kilichogeuzwa, njia ya shaba iliyosahauliwa. Viwanda vya China vinachapa kuanzia bodi tano kwa oda, kwa hiyo ukikosea umekosea tano, na unasubiri mzigo upya. Toleo la kwanza linakuonesha kosa, la pili linakuonesha kosa ambalo la kwanza lililificha, la tatu ndilo unaloweza kumwonesha mgeni rasmi. Katikati kuna kuchoma, kuvunja, kukereza upya, kurudi Kariakoo kwa rezista ya bei ya pipi. Anayepewa fedha Mei anaonesha toleo la kwanza. Daima. Ndiyo maana maonesho yetu yanafuka moshi kila mwaka, na ndiyo maana mashine zinabaki stoo zikisubiri wanafunzi wa mwaka unaofuata waanze tena toleo la kwanza.

Na fedha zipo. Maonesho yaliyopita yalikuwa na mahema, muziki, mabango na fulana zenye neno UBUNIFU mgongoni. Fulana zilifika kwa wakati, saizi zote, hakuna iliyoletwa yenye tundu la milimita 20. Mwaka juzi uliahidi kwa maikrofoni, mbele ya wazazi, kwamba kila timu itapata milioni tatu. Tangu MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yaanze mwaka 2019 vyuo vinahimizwa kupeleka wabunifu, nasi tunapelekwa, tunapigwa picha, picha zinawekwa kwenye taarifa ya mwaka. Milioni tatu tulishaacha kuziota.

Tulitaka kuomba mengi: mzabuni mwenye fundi wa kuhakiki vifaa, karakana ifunguliwe Jumamosi, orodha iruhusiwe kugawanywa ili kifaa kimoja kilichokosekana kisizuie vingine 30. Tuyaache. Tunaomba kimoja. Shilingi laki tano kwa kila timu, timu 14, mwezi Novemba. Jumla milioni 7. Tukikadiria kwa bei za mtaani, mahema na fulana vilizidi hapo. Zinazobaki mzitoe Mei kama mlivyozoea, kwa NeST, kwa muuza sabuni, kwa utaratibu wowote mnaoupenda. Lakini laki tano za kwanza, Novemba. Za kununua transista mbaya mapema, tuiunguze mapema, tujue mapema.

Barua hii tumeiandika kabla ya 30 Juni kwa makusudi, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai na fungu lake bado linaweza kupangwa. Dokezo la ukurasa mmoja tumeshaliandaa, linahitaji saini tu. Tumelikabidhi kwa katibu muhtasi wako Alhamisi, naye ametusainia kwenye daftari.

Wako watiifu,
Timu 14 za wabunifu

Nakala:
Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi
Rais wa Serikali ya Wanafunzi
Masijala (faili lilelile)