Vespa ni chombo cha mjini: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Habari ya vespa imenifurahisha mno, na kwenye simu sikupata nafasi ya kusema yote, maana mamaako naye alikuwa na yake. Umeinunua kwa mshahara wako na umefanya jambo la maana. Hapo Unguja, kutoka Fuoni mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja kila alfajiri, kugombania daladala huku zamu ya wodini inakungoja, kulikuwa kunakumaliza. Mamaako ana hofu, usimlaumu. Mimi hofu yangu naiandika hapa kifundi, ili ikufae.

Shika hili kabla ya yote: hicho ni chombo cha mjini. Ndivyo kilivyobuniwa. Kiwanda cha Piaggio kule Italia kilikuwa kinaunda ndege, vita vikakivunja, na mwaka 1946 kikatoa vespa ya kwanza yenye injini ya cc 98. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki hakuzipenda: cheni inarusha oili, injini iko wazi, na tairi likipasuka ni kazi kulitoa. Basi akaiondoa cheni, akaifunika injini kwa bati, akaweka uwazi mbele ya kiti ili mtu apande bila kutupa mguu juu, na gurudumu akalishika upande mmoja tu kama la ndege. Alitaka mtu afike kazini na nguo zake safi. Kila nikifungua vespa kuukuu hapa Chake Chake, Pemba, humkumbuka, kwani kazi yake inaonekana mpaka kwenye nati.

Uwazi ule ndio unaokuwezesha kupanda na buibui, na buibui lenyewe ndilo linalonitia wasiwasi kuliko gari yoyote. Upepo hulivuta nyuma, gurudumu likalidaka. Kabla hujawasha, likusanye lote na ulikalie. Ushungi uingize ndani ya koti. Shoga yako akitaka lifti, mwambie akae akitazama mbele, mguu mmoja kila upande, yote miwili juu ya vikanyagio, nguo yake kaibana. Kukaa upande kama tulivyozoea kuona, khanga inaning'inia karibu na tairi, usikubali hata kwa mwendo wa hatua mia. Asiye na helmeti pia usimpakie. Hata akinuna.

Magurudumu yako ni madogo. Shimo ambalo pikipiki kubwa inalivuka, lako linaingia. Kwa hiyo macho yawe mbali mbele, na mchanga ulioko kandokando ya lami uuogope kweli, hasa ukiwa unakata kona. Juu ya mchanga au lami mbichi usiikamate breki ya mbele kwa ghafla, gurudumu litateleza uanguke. Lakini pakavu, ukienda moja kwa moja, breki ya mbele ndiyo inayosimamisha chombo. Ya nyuma peke yake inakuburuza tu. Vespa za otomatiki kama yako, kwa kawaida mkono wa kulia ni ya mbele, wa kushoto ya nyuma. Nenda kiwanja kitupu siku ya Ijumaa jioni, uzibane zote mbili kwa pamoja, polepole kisha kwa nguvu zaidi, mpaka mikono ijue yenyewe bila kuuliza kichwa.

Na kwa kuwa haina gia za kubadilisha, ukiigusa eksileta inaondoka. Nimeletewa nyingi zilizovunjika vioo na mikono ya breki kwa sababu mwenyewe alikuwa anaikokota injini ikiwaka, mkono ukajizungusha. Ukishuka, zima kwanza.

Daladala ikisimama usipite kushoto kwake. Najua kuna nafasi, na wengine wote wanapita. Abiria wanateremkia huko, na mtoto wa skuli hateremki, anaruka. Subiri, au pita kulia ukiona njia yote ya mbele iko wazi. Ukifika sokoni Darajani punguza mwendo mpaka uweze kusimama papo hapo. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vya waendao kwa miguu. Ukilazimika kuingia, piga honi kwenye kila kona na uende mwendo wa mtembea kwa miguu.

Masika ikianza, mvua ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwani huyaibua mafuta yaliyoganda barabarani kwa miezi yote ya kiangazi. Iache inyeshe kidogo ndipo utoke. Maji yakitanda barabarani, Mwanakwerekwe au kwengineko, usiyaingie eti kwa kuwa aliyetangulia amepita. Kasha la mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma liko chini ubavuni, likinywa maji mkanda unateleza na chombo hakivuti tena.

Oili ya injini ibadilishwe kama kitabu chake kinavyosema, na ile ya gia za nyuma nayo, ambayo watu wengi huisahau. Halafu jambo hili: wapo mafundi wazee wenzangu watakaokwambia utie oili kwenye tangi la petroli. Hiyo ilikuwa desturi ya vespa za zamani zilizochanganya oili na petroli, asilimia mbili kwenye nyingi kati yake. Yako ni ya mipigo minne, oili yake ina mahali pake. Usitie. Petroli ya chupa za kando ya njia pia iache ukiweza, maji na taka humo ni kawaida. Na hewa yetu ya bahari inakula bati, basi ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uifute, uifunike.

Helmeti nunua inayofunika mpaka kidevu, ikubane mashavu. Ikishapata kishindo kikubwa haifai tena, hata kama huioni ufa, kwa sababu sponji ngumu ya ndani ikishabonyea hairudi.

Nungwi au Paje usiende nayo. Ni mwendo mrefu, magari yanakwenda kasi, na usiku ng'ombe hulala barabarani. Ukitaka kwenda shamba, panda gari.

Umesema ni mtumba wa Japani. Basi tazama ubavuni mwa kila tairi, utakuta tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2214, limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014, na hilo hata kama kashata zake bado nzima, mpira wake umekufa. Nipigie picha ya matairi yote mawili leo hii kabla hujaipanda tena, pamoja na maandishi ya saizi. Yakiwa ya zamani nitakuja nayo mapya kwa boti, na nitayafunga kwa mkono wangu.

Babaako