Mshipa wa mguuni

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na najua umenuna. Miezi saba kimya, halafu naingia bila hata hodi. Utanisuta tukionana. Kwa sasa nisikilize: Baba anapasuliwa moyo Alhamisi.

Kaa chini kwanza. Ateri mbili, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zinazolisha msuli wa moyo wake zimeziba, na daktari atazitengenezea njia ya mchepuko. Hapo nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mshipa wa kutengenezea utatolewa mguuni. Vena, mshipa wa kurudisha damu moyoni! Zuhura, vena ya mguuni ndiyo ifanye kazi ya ateri ya moyo?

Unaukumbuka ule moyo wa kondoo tulioupasua kidato cha tatu, Mariamu akakimbilia nje? Aota, ile ateri kuu inayotoka moyoni, ilibaki wazi, mdomo wa duara, ukiubonyeza unarudi. Vena kubwa kando yake ilikuwa imenywea kama soksi iliyovuliwa. Ndiyo picha iliyonijia mbele ya daktari. Soksi.

Nikauliza, maana mdomo wangu unaujua. Akanichorea. Ateri na vena zote zina ukuta wa matabaka matatu, ila kazi iko kwenye lile la kati. La ateri ni nene, limejaa misuli laini na nyuzi zinazonyumbuka, kwa sababu kila moyo unapodunda damu hufika kwa kishindo: ukuta unatanuka, kisha unajibana na kuisukuma mbele. Kipimo cha shinikizo la damu cha mtu mzima mwenye afya ni kama 120 kwa 80. Damu ikishapita kwenye kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa, na kuingia kwenye vena, kishindo kimekwisha. Ukiwa umelala, shinikizo humo halifiki hata 20. Sasa ukuta mnene wa nini? Vena ni nyembamba ukutani na pana ndani, na zaidi ya nusu ya damu yako hukaa humo, ikijivuta taratibu kurudi moyoni. Ikitoka mguuni, misuli ya mguu ndiyo inayoikamua kwenda juu, na vali, vijilango vya ndani ya vena, huizuia isirudi chini.

Hizo vali ndizo nilizochezea jana wodini. Nilimfunga Baba mtandio juu ya kiwiko, vena zikatuna, zikatoa vinundu vidogo vidogo: hapo ndipo penye vali. Nikabonyeza mshipa mmoja karibu na kifundo cha mkono, na kwa kidole kingine nikaikamua damu kuelekea kiwiko mpaka nikapita kinundu. Mshipa ukapotea kabisa. Nikajaribu kuirudisha damu chini, ikagoma. Nilipoachia kidole cha chini, ukajaa papo hapo. Baba akasema, "Kumbe nina vitasa mwilini, na bado mnamruhusu mtu aje kuniibia mshipa." Jaribio lenyewe si langu, William Harvey alilichapisha mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu huzunguka. Mwalimu wake kule Padua, Fabricius, alishazieleza hizo vali mwaka 1603, akadhani zinapunguza tu kasi ya damu. Alikuwa nazo mkononi, zikampita!

Basi nikamrudia daktari. Vali zikifunguka upande mmoja tu, na mshipa ukishonwa kinyume, si utafunga njia wenyewe? Akacheka. Kumbe huugeuza: ncha iliyokuwa chini mguuni ndiyo inayoshonwa upande wa aota. Nikaridhika kidogo. Kidogo tu, kwa sababu ukuta bado ni ule ule wa soksi, na aota haina huruma. Anasema vena ikizidiwa na shinikizo la ateri huanza kunenepa yenyewe, ila unene huo huo baadaye waweza kuiziba. Ndiyo maana mchepuko mmoja atautengeneza kwa ateri ya kifuani, ambayo hudumu zaidi. Nikauliza mbona asitumie ateri kote kote. Akatazama saa.

Mama yeye hawazi moyo, anawaza mguu. Nimemwambia vena za ndani zaidi ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, hakuniamini.

Halafu ule ubishi wetu wa kwamba ateri siku zote hubeba damu yenye oksijeni: ulishinda wewe. Ya mapafu hubeba isiyo nayo. Kalamu yako bado ninayo.

Sasa, unaweza kuja Jumatano ulale na Mama? Au bado unazimia ukisikia harufu ya hospitali? Mariamu ana habari, au nimwambie mimi? Na kaka yako alipopasuliwa, alikaa siku ngapi kabla ya kusimama? Kilimsumbua zaidi nini, kifua au mguu?

Ni mimi,
Rehema