Filamu fupi: kabla hujaleta faili
Ndugu wanakikundi, filamu zisitumwe kama video ya WhatsApp. Inabanwa, na kwenye pazia kubwa nyuso zinageuka ukungu. Leteni kwa flashi: faili la MP4, lililosimbwa kwa H.264 (njia ya kupunguza ukubwa wa video), picha ya 1920×1080. Flashi iwe imefomatiwa (imeandaliwa kuhifadhi mafaili) kwa mfumo wa exFAT. Mfumo mwingine, FAT32, haupokei faili la GB 4 na zaidi, kunakili kunakwama. (Kufomati kunafuta vyote, hamisheni vilivyomo kwanza.)

Sauti ndiyo inayoangusha filamu zetu nyingi. Sikilizeni kwa spika, si hedifoni pekee, muhakikishe muziki haufuniki mazungumzo. Na huo muziki uwe na kibali cha maandishi cha mwenye wimbo. Bila hicho hatuonyeshi, hata filamu iwe nzuri namna gani. Msanii mwenzetu naye anastahili haki yake.

Tunaonyesha uwanjani, kwa hiyo matukio ya usiku yaongezeeni mwanga kidogo.