Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: habari za utafiti wa sumu ya mahindi zifike Kiteto kabla ya msimu

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MATOKEO YA UTAFITI WA SUMUKUVU KUSOMWA KIJIJINI KWA KISWAHILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa mahindi na karanga wilayani Kiteto, mkoa wa Manyara. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili ni la wengi.

Mwaka 2016 watu wa kwetu na wa jirani zetu wa Chemba na Kondoa walianza kuugua: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika. Siku za mwanzo kila mtu alikuwa na lake, hata uchawi ulitajwa. Kumbe ni ugali. Watu 20 walifariki kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Huioni kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa.

Wataalamu walikuja, wakachukua mahindi ya kupima, wakahoji familia. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2018 katika jarida la World Mycotoxin Journal. Nawashukuru kwa dhati, maana bila wao tungeendelea kunyoosheana vidole. Lakini makala hiyo ni ya Kiingereza, na inachoeleza ni misiba yetu. Sijawahi kukaa katika mkutano wa kijiji ambamo imesomwa.

Wanasayansi kwa upande wao wana utaratibu mzuri wa kupashana habari. Society of Toxicology ya Marekani, chama cha wataalamu wa sumu kilichoanzishwa mwaka 1961, hukutana kila Machi na kina jarida lake, Toxicological Sciences. Watafiti wa sumu za ukungu nchini Ujerumani nao wana chama na jarida, Mycotoxin Research. Mikutano hutangazwa mapema ili kila anayehusika ajipange. Mheshimiwa, anayekula ugali mchana na usiku naye anahusika.

Shida kubwa ninayoiona ni kalenda. Chukua Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Ni mtama uliopakwa ukungu wa jamii ileile lakini usio na sumu, nao huuzidi nguvu ule wenye sumu. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua. Mkulima akielezwa habari hiyo wakati wa mavuno, msimu umeshampita. Habari ya kukausha nayo ina wakati wake: kuanika kwenye turubai badala ya udongo, unyevu usizidi asilimia 13.5, na kama huna kipimo, tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado. Hayo yanatakiwa kusikika kabla ya kuvuna, si baada ya kujaza gunia.

Halafu kuna dona. Tunaipenda, inashibisha. Ila sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, ndiyo maana kukoboa huipunguza. Na pumba tunampa ng'ombe, sumu inarudi kwenye maziwa ya watoto. Mama gani atalijua hili bila kuambiwa?

Tukiwa hatujui, hasara haiishii jikoni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya vipimo. Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Nani kati yetu wauzaji aliwahi kuelezwa namba hiyo maana yake nini?

Ombi langu ni moja. Wizara iwape watu wachache kazi ya kukusanya kila mwaka yaliyochapishwa kuhusu sumukuvu na yaliyosemwa katika mikutano ya wataalamu wa sumu, wayaandike kwa Kiswahili kwenye kurasa mbili, na afisa ugani ayasome katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo kisheria hukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo hauhitaji posho mpya wala ukumbi. Asome mara mbili: kabla ya kupanda na kabla ya kuvuna. Na watafiti wanaochukua sampuli kwetu wapewe sharti la kurudi na majibu.

Huku tunapanda kuanzia Desemba. Kurasa hizo zikifika Novemba, zitatukuta tunaandaa mbegu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, Kiteto