Barua kwa mdogo wangu aliyemaliza wa mwisho

Mdogo wangu,

Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika nne nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, pale uliposimulia jinsi yule mtu wa kung'oa vibendera vya kuonyesha njia alivyokuwa akikufuata kwa nyuma, kila ukikipita kimoja yeye anakiweka kwapani. Mara ya pili sikucheka. Ulisema kikundi cha mbio hakikufai, na kwamba Jumatatu unamrudishia nahodha fulana yake. Naandika hapa hadharani kwa sababu ukiiona namba yangu hupokei, na kwa sababu najua si wewe peke yako unayetaka kurudisha fulana wiki hii.

Hebu nikuulize. Hivi kuna mtu yeyote aliyekueleza jinsi mbio za nyika zinavyohesabiwa? Nauliza maana mimi nilikimbia muhula mzima bila kujua. Nilidhani anayetangulia ndiye aliyeshinda, basi, wengine sote ni wasindikizaji.

Katika mbio nyingi za vyuo, timu huleta watu saba. Nafasi za watano wa kwanza wa kila timu hujumlishwa, na yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. (Mashindano ya dunia huhesabu wanne, lakini hesabu ni ileile.) Sasa piga picha. Timu moja imechukua nafasi ya 1, ya 2 na ya 3. Watu wanashangilia, picha zinapigwa. Mtu wao wa nne amekuja wa 20, wa tano amekuja wa 41. Jumla 67. Timu nyingine haina hata mtu mmoja kwenye hizo picha: imeingia wa 8, wa 9, wa 11, wa 12 na wa 15. Jumla 55. Hao wasiopigwa picha ndio washindi, na wala hawajakaribiana.

Ndiyo maana makocha wanaoijua kazi yao hawamtazami sana nyota. Wanamtazama mtu wa tano. Nyota akijitahidi sana huokoa nafasi mbili tatu, kwa kuwa huko mbele hakuna watu wengi wa kupita. Katikati ya kundi, ambako watu wamebanana, kulegea kwa sekunde kumi kunaweza kukugharimu nafasi kumi, na zote zinaingia kwenye jumla.

Utaniambia wewe si wa tano, ni wa saba. Sawa. Wa sita na wa saba hawaingizwi kwenye jumla ya timu yao, lakini nafasi zao zinabaki palepale. Ukimpita mtu wa tano wa timu pinzani, umemsukuma nyuma nafasi moja, na timu yake imeongezewa pointi moja. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa mtu wa sita. Kwenye mteremko wa mwisho nilimpita msichana mmoja aliyekuwa ameshika ubavu kwa kichomi. Sikujua ni nani, nilimpita tu kwa kuwa alikuwa mbele yangu. Baadaye nahodha akaja na karatasi ya matokeo akicheka: tulikuwa wa tatu badala ya kufungana na wa nne, kwa pointi moja, na yule msichana alikuwa mtu wao wa tano. Hakuna medali iliyotolewa kwa hilo. Nililala na karatasi ile chini ya mto.

Na usidhani mbio za uwanjani au za barabarani ni tofauti sana. Tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Jina lake tunalijua sote. Lakini aliyekata upepo mbele yake alikuwa kwanza Chris Brasher, kisha Chris Chataway, na huyo Brasher miaka miwili baadaye akachukua dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kuruka viunzi na maji. Eliud Kipchoge naye, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019, alikuwa na watu 41 wa kumwekea kasi, wakipokezana. Ndiyo sababu mojawapo muda ule hauhesabiwi kama rekodi. Mimi siuoni kuwa mdogo kwa sababu hiyo.

Haya, hilo la fulana nimelimaliza. Sasa nikugombeze.

Ulisema kila siku ya mazoezi unawakimbiza wale wawili wa mbele mpaka upumue kama mtu anayezama. Kila siku! Kocha akisema leo ni mbio nyepesi, wewe unaona ni nafasi ya kuonyesha kwamba unastahili kuwepo. Najua umechoka kuambiwa mwenda pole hajikwai, lakini hapa si suala la adabu, ni suala la mwili. Wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu huzikimbia kilomita zao nyingi kwa mwendo wa kupiga soga, yaani mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Katika mwendo huo moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, vishipa vidogo vya damu huongezeka ndani ya misuli, na misuli hujifunza kutumia mafuta ya mwili ili sukari isiishe mapema. Kazi hiyo yote inafanyika bila wewe kuhema. Siku ya kasi ipo, na ikifika utaihitaji hiyo miguu iliyopumzika.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nililipia. Moyo na mapafu huitika ndani ya wiki chache tu. Mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hiyo utajiona una nguvu kabla miguu yako haijawa tayari kuibeba. Mwaka wa kwanza niliongeza kilomita kama mtu aliyeokota pesa. Goko likaanza kuuma. Mwanzoni maumivu yalitanda mguu mzima na yalitulia nikishapasha mwili moto, nikasema ni uchovu. Kisha yakajikusanya mahali pamoja, padogo, ambapo ningeweza kuweka kidole na kusema ni hapa, tena yakawa yananiamsha usiku. Nikamficha kocha. Daktari alipopiga picha alikuta ufa kwenye mfupa.

Halafu akaniuliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Sikukumbuka. Ilikuwa imekata kwa miezi kadhaa, na mimi nilikuwa nimefurahia, nikaona ni usumbufu umepungua. Nilikuwa nikikimbia asubuhi bila kula, naruka chakula cha mchana kwa sababu ya vipindi, na jioni nimechoka mno hata kutafuna. Mwili ukikosa chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa, huanza kufunga milango, na hedhi ni mlango mmojawapo. Homoni inayopotea hapo ndiyo hiyohiyo inayolinda mifupa. Wenzangu waliniambia kwa wakimbiaji ni kawaida. Si kawaida, ni kengele. Nilikaa nje miezi mitatu, nikikimbia ndani ya bwawa la maji kama kichekesho, huku wenzangu wakiondoka na basi la mashindano. Ikikutokea, usimwogope daktari, na usinifiche mimi.

Najua jamaa wa nyumbani watakutajia John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na goti lililofungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Namheshimu sana mzee yule. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, na wewe uko kwenye mazoezi ya Alhamisi jioni. Goti likiuma, simama.

Mengine ni madogo. Lala, hata kama mwenzako wa chumbani anakesha. Wiki ya mitihani punguza, kilomita hazina chuki. Na viatu vya kuazima achana navyo.

Kuhusu Jumatatu: ukiangalia ratiba yenu utaona ni siku ya mbio nyepesi. Vaa hiyo fulana uende. Kaa nyuma ya kundi kwa makusudi, mtafute yule mwenzako wa sita, maana bila shaka naye anafikiria kurudisha ya kwake, mkimbie pamoja. Jioni nipigie unisimulie mlizungumza nini njiani. Ukiwa huna cha kusimulia, nitajua mlikimbia kasi mno.

Dada yako.